Kuvuka Kwenda Pemba kwa Boti Ndogo ya Matanga: Mwongozo Kamili wa Kupanga Safari

Kati ya pwani ya Tanga na kisiwa cha Pemba pana bahari yenye upana wa kilomita 50 hivi, na kwa mtu anayeitazama ramani ya ukutani safari hiyo huonekana kuwa ya asubuhi moja tu. Bahari hiyo, hata hivyo, si sawa na ile iliyo kati ya Dar es Salaam na Unguja. Unguja imekaa juu ya kitako kimoja na bara, na maji yanayoitenga yana kina cha makumi ya mita. Pemba imetengwa na mlango bahari wenye kina cha mamia ya mita, na ndani yake hupita mkondo mkubwa unaokwenda kaskazini mwaka mzima, uvume kusi, ule upepo wa kutoka kusini, au uvume kaskazi, ule wa kutoka kaskazini. Mabaharia wa mashua na majahazi wameujua mkondo huo tangu enzi, na ndiyo sababu huchagua kwa makini mahali na wakati wa kuondoka.

Mwongozo huu ni wa mwenye boti ya matanga yenye urefu wa mita 7 hadi 9, yenye mkuku (uti wa chini ya chombo) na injini ndogo ya dizeli, ambaye ameshazoea kutembea ndani ya miamba na sasa anataka kuvuka. Msimamo wangu ni kwamba safari hii hupangwa kuanzia kwenye mkondo. Bandari ya kuondokea, saa ya kung'oa nanga, mwelekeo wa dira na hata mahali pa kukimbilia mambo yakiharibika, vyote huamuliwa baada ya kujua mkondo utakusukuma kiasi gani, kwa sababu kila maili unayosukumwa kwenda kaskazini ni kazi kubwa kuirudisha.

Umbali humu umepimwa kwa maili za baharini, ambazo kila moja ni mita 1,852, na kasi kwa noti, yaani maili moja ya baharini kwa saa.

Hatua ya kwanza: Chagua msimu

Kusi huanza kushika mwezi wa Aprili na huvuma mpaka Septemba au Oktoba, kali zaidi Juni na Julai. Katika miezi hiyo mkondo nao hupata nguvu, na hufika noti 3, hata 4 katika vipindi vibaya. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Februari au Machi, na kwa kuwa unavuma kinyume cha mkondo, huupunguza mpaka noti moja au chini yake. Kati ya pepo hizo mbili ndipo kuna wakati wa tanga mbili, ambapo upepo hubadilikabadilika, matlai huingia kutoka mashariki, na bahari hutulia.

Kwa safari ya kwanza ninapendekeza mwisho wa kusi, yaani kuanzia katikati ya Septemba hadi Novemba mapema, wakati upepo umelegea lakini bado una mwelekeo wa kuaminika. Chaguo la pili ni Januari na Februari. Hapa lipo jambo ambalo wengi hulikosea: wanaona upepo wa kaskazi ni mwepesi, wanadhani bahari itakuwa laini. Kusi na mkondo huenda upande mmoja, kwa hiyo mawimbi yake huwa makubwa lakini marefu, na boti hupanda na kushuka kwa mpangilio. Kaskazi hupambana na mkondo uso kwa uso, na upepo wa noti 15 tu unaweza kuinua mawimbi mafupi yenye kuta, yanayoigonga boti ndogo na kuivunja kasi kila inapojaribu kujikokota. Usiidharau kaskazi inapozidi noti 15.

Aprili na Mei ziache kabisa. Ni miezi ya masika, mvua huleta pepo za ghafla na kufunga macho, na ndiyo miezi ambayo pwani hii, ingawa iko karibu na ikweta, imewahi kupigwa na vimbunga. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliharibu mashamba ya mikarafuu ya Unguja huku Pemba ikinusurika kwa sehemu kubwa, na mwezi wa Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika Mafia.

Hatua ya pili: Chagua mahali pa kuondokea

Hili ndilo shina la mpango wote. Kanuni yake ni fupi: kusi ikivuma ondokea Pangani, kaskazi ikivuma ondokea Tanga.

Bandari ya Tanga na mji wa Wete vimekaa karibu katika latitudo moja, nyuzi 5 na dakika 4 kusini, kwa hiyo njia ya moja kwa moja ni kwenda mashariki kamili, maili 37 hivi. Chukua boti yenye kasi ya noti 5 katika mkondo wa noti 2. Ili isisukumwe nje ya mstari, itabidi iuelekeze omo, yaani sehemu yake ya mbele, kusini zaidi kwa digrii 24 hivi, yaani dira ya 114 badala ya 90. Sasa kusi inavuma kutoka kusini mashariki. Omo umeelekea karibu kabisa upepo unakotoka, na boti haiwezi kwenda huko bila kupiga bisho, yaani kukata mshazari huku na huku dhidi ya upepo. Ukipiga bisho, kasi ya kuelekea kisiwani hupungua, muda huongezeka, na mkondo hupata saa nyingi zaidi za kukusukuma. Hivyo ndivyo watu wanavyojikuta saa 10 alasiri wako kaskazini ya Ras Kigomasha, ncha ya juu kabisa ya Pemba, mbele yao ikiwa ni Bahari ya Hindi tupu.

Ukiondokea Pangani mambo hugeuka. Kutoka mdomo wa Mto Pangani hadi Misali, kisiwa kidogo kilicho magharibi ya Chake Chake, ni maili 39 hivi kwa mwelekeo wa digrii 73. Mkondo sasa unakusaidia kwa sehemu, na kusi huingia ubavuni, mbele kidogo, ambapo boti ndogo hukimbia vizuri. Faida nyingine ni kwamba kutoka Misali hadi ncha ya kaskazini ya Pemba bado kuna maili zaidi ya 20. Hata ukikosea mahesabu, kisiwa bado kipo mbele yako.

Safari ya kushuka kutoka Tanga hadi Pangani ifanye siku moja au mbili kabla, ndani kabisa karibu na pwani, ambako mkondo una nguvu ndogo, na uianze usiku wa manane au alfajiri ili kutumia umande, ule upepo mwepesi wa nchi kavu unaokufa jua linapopanda. Mdomo wa Pangani una fungu la mchanga linalohamahama. Boti yenye mkuku wa mita moja na nusu iingie na kutoka maji yakiwa yamejaa tu, na ni busara kumwuliza mvuvi wa hapo njia ilipo msimu huo.

Kaskazi ikivuma, njia ya kutoka Tanga hadi Misali ni maili 32 hivi kwa digrii 110, upepo unaingia ubavuni kushoto, na mkondo uliolegea unadai marekebisho ya digrii 8 au 10 tu. Kwa walio Kenya, Shimoni ni mahali pazuri pa kuondokea wakati huo huo wa kaskazi, lakini hiyo ni safari ya kuvuka mpaka, na mambo ya Uhamiaji na forodha yamalizwe pande zote mbili.

Hatua ya tatu: Chora pembetatu ya mkondo

Simu na vifaa vya GPS vitakuonyesha ulipo, lakini havitakuambia kabla ya kuondoka kama safari inawezekana. Kwa hilo unahitaji ramani ya bahari ya karatasi, penseli, rula na bikari.

Chora mstari kutoka mahali pa kuondokea hadi Misali. Kisha, kutoka mahali pale pale pa kuondokea, chora mstari mfupi kwenda kaskazini kamili wenye urefu sawa na mwendo wa mkondo kwa saa moja. Kwa mfano wetu ni maili 2. Fungua bikari kwa urefu wa maili 5, ambazo ni mwendo wa boti kwa saa moja, weka ncha yake mwisho wa mstari wa mkondo, na ukate mstari wa safari. Unganisha ncha hiyo na mahali ulipokata. Mwelekeo wa mstari huo wa tatu ndio dira ya kushika, na urefu kutoka mahali pa kuondokea hadi ulipokata ndio mwendo wako halisi kwa saa.

Kwa safari ya Pangani hadi Misali jibu ni digrii 95 au 96, na mwendo halisi ni noti 5.2, kwa hiyo maili 39 zitachukua saa saba na nusu. Rudia mchoro kwa mkondo wa noti 3. Dira itasogea hadi digrii 108. Kama kusi siku hiyo inavuma kutoka digrii 150, boti yako itakuwa inakwenda digrii 42 tu kutoka upepo unakotoka, na boti nyingi ndogo zenye matanga yaliyochakaa haziwezi hivyo katika mawimbi. Hapo karatasi imekuambia usiondoke, na umelijua hilo ukiwa mezani. Mwelekeo uliopata ni wa ramani, kwa hiyo rekebisha tofauti ya sumaku iliyoandikwa kwenye ramani, na uhakikishe hakuna simu, spika wala kisu cha chuma karibu na dira.

Jambo moja kuhusu ramani zenyewe. Upimaji wa pwani hii una historia ndefu, tangu kazi ya Kapteni William Owen wa Jeshi la Majini la Uingereza katika miaka ya 1820, na mwamba unaoonekana kwenye skrini ya GPS unaweza kuwa kando ya mahali mwamba wenyewe ulipo. Tumia skrini kwenye maji ya kina kirefu. Karibu na miamba tumia macho.

Hatua ya nne: Panga saa kwa maji na jua

Bahari yetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, tofauti ya maji hukaribia mita 4. Siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo maji hujaa mnamo saa 10 alfajiri na saa 10 alasiri, kisha kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi. Jedwali la maji litakupa saa kamili, lakini hesabu hii ya kichwani hukuwezesha kuichagua wiki ya safari mapema.

Siku inayofaa zaidi ni ya pili baada ya mwezi mpevu. Maji hujaa Pangani karibu saa 11 na nusu alfajiri, ambapo unavuka fungu la mchanga likiwa na maji mengi na mwanga unaanza. Maji hupwa kabisa mnamo saa 5 na nusu hivi asubuhi ukiwa katikati ya bahari. Unapofika Misali kati ya saa 7 na saa 8 mchana maji yameshaanza kujaa, na hilo ndilo unalolitaka, kwa maana boti ikigusa mchanga maji yanayopanda yataiinua, ilhali maji yanayopwa yataiacha imelala ubavu.

Jua nalo lina kauli yake. Unaingia Pemba ukielekea mashariki, kwa hiyo kuanzia saa 7 hadi saa 10 alasiri jua liko juu au mgongoni mwako na miamba huonekana vizuri. Huku kwetu kiza huingia upesi baada ya jua kuzama, mnamo saa 12 na nusu. Andika kwenye daftari la safari, kabla ya kuondoka, kwamba hutaingia katikati ya miamba baada ya saa 11 jioni, na uitii.

Weka pia saa ya kugeuka. Ikiwa kufikia saa 5 asubuhi hujafika nusu ya njia, yaani maili 19 au 20, geuka. Lakini usigeuke kurudi Pangani. Kurudi huko wakati wa kusi ni kupambana na mkondo na upepo kwa pamoja. Kimbilia Tanga, ambako kusi na mkondo vyote vinakupeleka, na ambako bandari huingilika katika maji ya hali yoyote. Njia hiyo ya Tanga ichorwe kwenye ramani tangu mwanzo.

Hatua ya tano: Kagua chombo

Wiki mbili kabla, panda mlingoti au mpandishe kijana mwepesi akague kila waya, kila pini na kila gurudumu la henza, ile kamba ya kupandishia tanga. Nyaya hukatika uzi mmoja mmoja, na uzi uliokatika husikika kwa kitambaa kabla haujaonekana kwa jicho, kwa hiyo pitisha kitambaa cha pamba juu ya kila waya. Jaribu kupunguza tanga kubwa ukiwa umetia nanga, kisha ukiwa unatembea, mpaka mabaharia wote waweze kulifanya bila kuambiwa. Kusi ikifika noti 18 tanga liwe limeshapunguzwa.

Injini ndogo za dizeli huharibika zaidi kwa uchafu wa mafuta kuliko kwa kitu kingine. Boti iliyokaa bandarini hukusanya maji na takataka chini ya tangi, na mawimbi ya kwanza huyavuruga yote. Mwaga mafuta ya chini, chuja mapya kwa kitambaa, na ubebe vichujio viwili vya akiba pamoja na mpira wa pampu ya maji. Injini inayokula lita mbili kwa saa itahitaji lita 16 kuvuka bila upepo. Beba mara tatu ya hizo.

Ngama, yaani sehemu ya chini ndani ya boti panapokusanyika maji, iwe kavu na safi, kwa sababu kipande kimoja cha kitambaa huziba pampu. Pampu ya umeme isikufanye uache ile ya mkono, wala pampu ya mkono isikufanye uache ndoo mbili imara. Nanga ziwe mbili. Ile kubwa iwe na mnyororo wa kutosha, maana Pemba kina huanguka ghafla na kamba pekee hukatwa na matumbawe.

Kila mtu awe na jaketi okozi linalomtosha, lililovaliwa tangu kuvuka fungu la mchanga, na mkanda wa kujifunga kwenye chombo anapofanya kazi nje ya shimo la usukani. Redio ya mawasiliano ya baharini, VHF, iwe na antena juu ya mlingoti, na chaneli ya 16, ile ya wito na dharura, iwe wazi safari nzima. Simu ya mkononi usiitegemee katikati ya bahari. Kama fedha zinaruhusu kifaa kimoja tu cha gharama, nunua kile kinachotuma ishara ya dharura kwa setilaiti kwa masafa ya 406 MHz, na ukisajili. Fataki za ishara ziangaliwe tarehe. Kiakisi cha rada kiwekwe juu, kwani meli za Tanga na Mombasa hupita humo, na boti ya plastiki huonekana kwa shida kwenye rada zao.

Maji ya kunywa ni lita 4 kwa kila mtu kwa siku, na hesabu yake iwe ya siku tatu ingawa safari ni ya siku moja. Chakula kipikwe nchi kavu: viazi vitamu vya kuchemsha, mihogo, mikate ya kumimina, ndizi mbivu, na tangawizi kwa wanaochafukwa na moyo.

Hatua ya sita: Watu, idhini na mlinzi wa nchi kavu

Watatu ndiyo idadi ya chini, wanne ni wazuri, zaidi ya hapo boti ndogo hujaa. Tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander I ilizama ikielekea Pemba ikiwa imepakia watu kupita kiasi, na familia za Unguja na Pemba bado zinaubeba msiba huo. Nahodha wa boti ya mita 8 ana wajibu ule ule: akikataa abiria wa tano, hata kama ni ndugu, anafanya kazi yake.

Kabla ya safari fanyeni zoezi la mtu kuanguka majini. Wa kwanza kuona apige kelele na asiondoe macho wala kidole kwa mtu huyo. Wa pili atupe boya. Wa usukani augeuze omo kuelekea upepo unakotoka ili boti isimame. Mtu aendewe akiwa upande wa demani, yaani upande wa boti usiovumiwa na upepo, injini ikiwa imezimwa anapokaribia. Fanyeni kwa dumu la manjano, tena na tena, mpaka kila mmoja aweze kulirudia peke yake, kwa sababu anayeweza kuanguka ni nahodha mwenyewe.

Ijulishe ofisi ya bandari unakoondokea, na ukifika Pemba ripoti kwenye bandari ya Mkoani au ya Wete. Maji ya magharibi ya Pemba, pamoja na Misali, yako ndani ya eneo la hifadhi lililotangazwa mwaka 2005, na kuna ada ya kuingia. Uliza mapema masharti ya kulala hapo. Wageni wawe na pasipoti, na boti ya kigeni ikamilishe idhini zake kabla ya kung'oa nanga.

Mtu mmoja wa nchi kavu, anayeaminika na asiyelala simu ikiwa imezimwa, apewe karatasi yenye jina na rangi ya boti, majina ya waliomo, njia mbili zilizochorwa, saa ya kutarajiwa kufika, na saa ya kuanza kuwa na wasiwasi. Ikipita saa hiyo, apige simu bandarini na kwa kituo cha uratibu wa utafutaji na uokoaji majini cha Dar es Salaam, kilicho chini ya TASAC, yaani Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania. Namba ziandikwe kwenye karatasi hiyo hiyo.

Hatua ya saba: Siku tatu za mwisho

Fuatilia utabiri wa bahari wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania kila siku. Inapotoa angalizo la upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, fahamu kwamba hizo ni noti 21 hadi 22, na boti ndogo haina kazi nje siku hiyo wala kesho yake, kwa maana bahari hukaa imechafuka baada ya upepo kupungua. Kipimo changu cha safari ya kwanza ni upepo usiozidi noti 15 na mawimbi yasiyozidi mita moja na nusu, kwa siku mbili mfululizo. Kisha nenda ufukweni uwaulize wavuvi. Kama ngalawa hazikutoka, nawe usitoke.

Hatua ya nane: Baharini

Ukishavuka fungu la mchanga, kaa kaskazini ya Kisiwa cha Maziwe na miamba inayokizunguka, na uangalie sana mbele; wavuvi wa usiku wanarudi saa hizo, wengi bila taa, na nyavu zao huelea kwa vibuyu na madumu. Umande utakufikisha nje. Saa moja au mbili baadaye umande huo utakatika, tanga litaanza kupigapiga, na kabla kusi haijashika kuna kipindi cha nusu saa au zaidi bila upepo. Washa injini mara moja. Mkondo haukusubiri.

Kila nusu saa andika kwenye daftari mahali ulipo, dira unayoshika, na mwelekeo unaokwenda kweli kwa mujibu wa GPS. Tofauti kati ya viwili hivi vya mwisho ndiyo mkondo wa siku hiyo, na baada ya saa mbili utaujua kuliko kitabu chochote. Ukiona umeanza kuanguka kaskazini ya mstari, rekebisha pale pale kwa digrii 10 au 15. Usingoje. Mimi hupenda kuwa maili moja au mbili kusini ya mstari mpaka nusu ya njia, kwa sababu kutoka huko kuurudia mstari ni rahisi.

Nyuma yako, siku ikiwa safi, Milima ya Usambara itaonekana kwa saa nyingi, na kupima mwelekeo wake kwa dira ya mkono ni njia nzuri ya kuikagua GPS. Mbele hutaona kitu. Pemba ni kisiwa cha vilima vya chini, na mara nyingi hujitokeza ukishapita nusu ya njia, kwanza kama mawingu yaliyosimama mahali pamoja, kisha kama mstari mweusi wa minazi. Mabaharia wapya huingiwa na hofu katika saa ile ya katikati ambapo bara limefifia na kisiwa hakijaonekana. Waambie mapema kwamba saa hiyo itafika, na mpe mwenye hofu zaidi usukani.

Hatua ya tisa: Kuingia

Ukuta wa matumbawe wa magharibi ya Misali huinuka kutoka kina kirefu sana. Kipima kina hakitakuonya. Kitakaa bila namba, kisha ghafla kitaonyesha mita 20, na kabla hujafikiri, mita 6. Punguza mwendo ukiwa maili moja nje, shusha matanga, na msimamishe mtu omoni mwenye miwani ya kuondoa mng'ao. Bluu nzito ni kina, bluu ya kijani ni mchanga wa mita 5 hadi 10, kijani cheupe ni maji machache, na kahawia au manjano ni mwamba. Wingu likipita juu ya jua rangi zote hupotea. Simama mpaka lipite.

Usitie nanga juu ya matumbawe. Tafuta boya la kufungia au mchanga mweupe, na mwombe ushauri mlinzi wa hifadhi, kwani Misali ni kisiwa cha kasa na wavuvi, na kila kipande cha mwamba kina wanaokitegemea. Kutoka hapo hadi Mkoani ni maili 8 hivi kuelekea kusini, mkondo ukiwa na nguvu ndogo kuliko nje. Ukiwa umefika umechelewa au umechoka, omba ruhusa ulale na uende asubuhi.

Hatua ya kumi: Kurudi

Kurudi Tanga wakati wa kusi ni rahisi kwa matanga na hatari kwa uzembe. Upepo uko nyuma ya ubavu, boti inakimbia, kila mtu anapumzika, na mkondo bado unafanya kazi yake ile ile. Ukiukosa mlango wa Tanga utaishia Moa, kaskazini karibu na mpaka, au upande wa Kenya, bila idhini. Kwa hiyo kutoka Misali lenga maili 5 kusini ya Tanga, chora pembetatu upya, na ushikilie dira hiyo mpaka ukitambue kisiwa cha Yambe, kilicho karibu na bandari ya Tanga. Hapo ndipo ushuke kuelekea mlango wa bandari. Tanga likivimba kwa upepo wa nyuma lifungwe kwa kamba ya akiba ili lisigeuke ghafla na kumpiga mtu kichwani.

Nanga ikishashika, kabla ya kukunja matanga na kabla ya chai, mpigie simu yule wa nchi kavu umwambie mmefika wote. Usimtumie ujumbe tu. Ngoja usikie sauti yake.